Soma herufi za pakiti kabla ya kumwaga mbegu ya nyanya kitaluni

Mnyauko fuzari, ugonjwa wa nyanya unaoletwa na kuvu, hauna dawa ya kuuponya. Kuvu yake huishi udongoni miaka mingi, huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji. Ukiona majani ya chini yamegeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, ujue imeshafika kwenye shina. Kupulizia dawa ya ukungu hapo ni kupoteza hela. Kinga huanza dukani.

Lakini hakikisha kwanza unapambana na nini. Chana shina kwa urefu karibu na ardhi. Fuzari huacha mistari ya kahawia ndani. Mmea ulionyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina ukitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi: ukitoa ute mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria, na mbegu yenye ukinzani wa fuzari haitakuokoa.

Ukinzani wenyewe ulitoka kwa nyanya pori za Amerika Kusini. Mwaka 1939 Bohn na Tucker, watafiti wa Marekani, walieleza jeni moja kutoka kwa nyanya pori yenye matunda madogo sana, ikaitwa I. Kuvu inapotoa protini zake ndani ya mishipa, mmea wenye jeni hiyo huitambua na kuizuia isisambae. Udhaifu uko hapohapo: kuvu ikiipoteza protini inayotambuliwa, inapita. Kufikia 1945 mbari ya pili, yaani aina nyingine ya kuvu hiyohiyo, ilikuwa imeripotiwa Ohio, Marekani. Watafiti wakaleta jeni I-2, baadaye mbari ya tatu ikajitokeza, wakatafuta I-3 kutoka kwa nyanya pori nyingine. Kwa hiyo neno "kinzani" peke yake halitoshi; uliza ni kinzani kwa mbari ipi.

Jibu liko kwenye pakiti, na hapa wakulima wengi huumia. "F1" inayofuata jina la mbegu maana yake ni chotara wa kizazi cha kwanza tu, haisemi lolote kuhusu fuzari. Tafuta "Fol", kifupi cha jina la kisayansi la kuvu ya fuzari ya nyanya, au herufi F kama ilivyo kwenye mbegu ya Roma VF, ambapo V ni mnyauko wa vertisili, unaoletwa na kuvu nyingine. Hesabu za mbari nazo hutofautiana: kampuni nyingine huanzia 0, kwa hiyo Fol:0,1 kwao ni sawa na mbari 1 na 2 za hesabu ya zamani. HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kati.

Usikamue mbegu za chotara. Ikiwa jeni ilitoka kwa mzazi mmoja tu, kwa wastani mche mmoja kati ya minne utakosa ukinzani kabisa. Roma VF si chotara, hiyo unaweza kuitunzia mbegu, mradi uchume kwenye mimea yenye afya.

Jeni nzuri pia inahitaji shamba linaloisaidia. Minyoo fundo hutoboa mizizi na kuifungulia kuvu njia. Udongo wenye tindikali huikuza kuvu hiyo, kwa hiyo pima na uweke chokaa hadi pH ikaribie 6.5. Osha majembe na viatu unapotoka shamba lenye ugonjwa.

Na mimea ya mbegu iliyoandikwa Fol ikinyauka kwa dalili za fuzari, usiing'oe yote kimyakimya. Mpelekee bwana shamba shina moja lililochanwa pamoja na pakiti. Huenda mbari mpya imeingia eneo lenu, na majirani wanapaswa kujua kabla hawajanunua mbegu hiyohiyo.