Nishani ya Kiasia kutoka mchangani: namna ya kuitambua

Kwanza, usiisugue. Nasema kwa uchungu. Ya kwanza niliipata pwani ya Bwejuu, maji yamekupwa, mashine ya kutafutia madini inalia, nami nikaisugua kwa ndimu na mchanga mpaka herufi zikaondoka pamoja na kutu. Iloweke kwenye maji ya mvua, uyabadilishe kila siku, kisha ianike kivulini.

Halafu tazama umbo. Tundu la mraba katikati ni dalili ya sarafu ya Kichina, au hirizi iliyoigiza sarafu. Wala usistaajabu kuikuta Unguja: mwaka 1945, Kajengwa kule Makunduchi, lilipatikana rundo la sarafu za Kichina, nyingi za enzi ya Song, ukoo wa wafalme wa China wa zamani. Kikiwapo kipete cha kupitishia utepe, hapo huenda ni nishani kweli.

Maandishi yamefifia? Weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli kwa ulalo, taratibu. Au piga picha alasiri jua likishuka. Kivuli chenyewe huzichora herufi. Maandishi ya Kijapani ya zamani yakiwa ya mlalo husomwa kulia kwenda kushoto, kama yetu ya Kiarabu. Miaka yao huhesabiwa kwa enzi ya mfalme. Ukiona 明治, yaani enzi ya Meiji, ongeza 1867 kwenye mwaka ulioandikwa: mwaka wa 37 ni 1904. Ikiwa 昭和, enzi ya Showa, ongeza 1925.

Andika ulipoipata na kina chake, uipeleke kwa watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Usianzie kwa sonara. Yeye atakupimia fedha tu.