Gonjwa likija tena, wazee wa kanisa waamue vipi? Hatua za kufuata kabla ya kufunga ama kufungua milango

Kikao cha wazee wa kanisa wakati wa gonjwa huwa kinakwama palepale, tufunge ama tusifunge, huyu ameshika Waebrania 10 kwamba tusiache kukusanyika pamoja na yule ameshika Mathayo 4, usimjaribu Bwana Mungu wako, na usiku unaingia hakuna kilichoamuliwa. Ndugu zangu msianzie hapo. Anzeni na karatasi. Andikeni kila kitu kanisa lenu linafanya kwa wiki, ibada ya Jumapili, kesha, mazoezi ya kwaya, Sunday school, Meza ya Bwana, jumuiya za nyumbani, kutembelea wagonjwa, mazishi, harusi, chakula cha wajane, yaani kila kitu, halafu kwa kila moja mjiulize hiki tunakifanya kwa ajili gani hasa, na je kinaweza kufanyika kwa njia nyingine bila mtu kuumia? Vingi vina njia nyingine. Vichache havina, na hivyo vichache ndivyo vya kutoa jasho, msimalize nguvu mkigombania viti vya plastiki.

Kwenye hicho kikao semeni pia mambo ya pesa, na myaseme mapema. Kodi ya jengo italipwa na nini, pasta atakula nini, yule mama anayefagia atalipwa na nani. Isiposemwa wazi itajificha nyuma ya mistari ya Biblia na mtadhani mnabishana kuhusu imani kumbe ni kodi. Sadaka kwa M-Pesa inawezekana, 2020 hapa Kenya waliondoa hata ada ya kutuma mpaka shilingi 1,000, na ilisaidia sana kwa sababu kikapu hakikuhitaji kupita mkono kwa mkono. Tangazeni kila wiki kilichoingia na kilichotoka, watu watatoa.

Sasa kama mtakutana, jueni hatari iko wapi. Mwanzoni mwa korona tulimwaga pesa kwa kupulizia dawa kwenye viti na sakafu, na kunawa mikono ni kuzuri kuna magonjwa mengi kunazuia, lakini korona ilikuwa inasafiri zaidi kwa hewa. Kule jimbo la Washington, Marekani, tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya Skagit Valley ilifanya mazoezi ukumbini masaa mawili na nusu, walikuwa watu 61, mmoja alikuwa na dalili, na baadaye wakahesabu wagonjwa 53 na wawili wakafa. Watu wanaimba tu! Kwa hivyo kwa ugonjwa wa hewa, pesa ya kwanza iende kwa madirisha na hema la nje, kama mna uwanja ama mwembe wenye kivuli tokeni nje kabisa. Ibada iwe fupi, maski zivaliwe, kwaya wapungue waimbe wanne ama watano wakiwa wametawanyika, na maiki isipitishwe mdomo kwa mdomo, hii watu husahau kila siku, mtu anatoa ushuhuda anampa mwenzake maiki bado ina mate. Ugonjwa ukiwa wa kugusana kama Ebola, hesabu inabadilika, hapo ni salamu za mikono, kuwekelea mikono na kuosha maiti ndivyo vya kusimamisha kwanza. Ulizeni ugonjwa unaambukizwa vipi kabla hamjaweka sheria, na kama kuna nesi ama clinical officer ndani ya kanisa akae kwenye hicho kikao hata kama si mzee wa kanisa.

Jambo ambalo mimi nalitilia mkazo kuliko yote ni wazee wetu wa umri, si wale wa kikao. Makanisa ya Kenya yalipofunguliwa Julai 2020, masharti ya lile baraza la dini mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja, na walio chini ya miaka 13 ama zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Watu walilalamikia hiyo 100. Lakini fikiria waliopita 58 kwenu ni akina nani, ni yule anayekuja kufungua kanisa alfajiri, ni akina mama wa maombi, ni shosho ambaye kutoka Jumapili mpaka Jumapili kanisa ndilo linamtoa nyumbani. Kumwambia abaki nyumbani ilikuwa sawa kiafya, lakini ukiishia hapo umefanya nusu ya kazi. Kila mmoja awe na mtu wake, jina liandikwe, wa kumpigia simu siku zinazojulikana, kumnunulia dawa za presha na sukari na kuziacha mlangoni, kusali naye hukohuko kwa simu. Na msimwambie ibada iko Facebook wakati ana mulika mwizi. Msomeeni neno kwa simu ya kawaida, ama ombeni nusu saa kwa redio ya mtaani. Wale wa Katoliki na Anglikana padre anaweza kumpelekea komunyo mlangoni, amevaa maski, dakika tano.

Walindeni watumishi pia. Tanzania makanisa hayakufungwa, Aprili 2020 taifa likaitwa kwa siku tatu za maombi, na kuomba ni kuzuri kabisa, lakini Machi 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki kupitia katibu wake Padre Charles Kitima lilisema mapadre zaidi ya 25 na masista 60 wamekufa ndani ya miezi miwili. Ilikuwa huzuni kubwa. Kwa hivyo chagueni mmoja ama wawili wenye afya na umri mdogo wa kwenda kwa wagonjwa, wapewe maski nzuri si ya kitambaa, mgonjwa wampake mafuta kwa pamba, na wakitoka huko wasipande madhabahuni moja kwa moja.

Mazishi ndiyo magumu. 2020 tuliambiwa watu 15 tu na kuna familia zilizika kama zinazika mtu asiye na kwao, kidonda hicho bado kipo. Hapa mimi siwezi kukubali kanisa likose kabisa. Hata mkiwa wachache namna gani mchungaji awe kaburini, jina la marehemu lisomwe, wimbo mmoja uimbwe kwa mbali, na tarehe ya ibada ya kumbukumbu ipangwe siku hiyohiyo na familia iambiwe. Mchango upelekwe kama kawaida.

Kwa madhabahu, pasta asiseme hata siku moja kwamba aliyebaki nyumbani ana imani ndogo. Mtu mmoja akisikia hivyo atakuja akiwa anakohoa ili asionekane vibaya. Someni Walawi 13, kuhani ndiye alikuwa anamfungia mgonjwa siku saba halafu anamwangalia tena, ni agizo la Mungu hilo na hakuna aliyeliita uoga.

Mkishaamua, andikeni uamuzi ni wa wiki mbili, si wa milele, na muandike ni kitu gani kitawafanya mbadilishe, mfano hospitali ya karibu ikijaa ama kaunti ikitoa agizo jipya. Tangazo liende kwa grupu ya WhatsApp na pia libandikwe kwa mlango wa kanisa, kwa lugha rahisi, likiwa na namba ya mzee mmoja ambaye simu yake itakuwa wazi hata usiku.