Tairi kwanza, springi baadaye: gari yako ichomoke vizuri kwenye dragi

Wasee wa Nakuru tuna ugonjwa mmoja, mtu akishika doh kidogo anakimbilia turbo kubwa ama ekzosti ya kelele, halafu akifika kwa mstari wa kuanzia gari inanguruma, moshi unatoka kwa tairi, na ile Demio ya pembeni ishaenda zake. Mimi nilikuwa huyo mtu. Mark X yangu ya 2.5 ilipigwa na Golf ya stoki kabisa, haijaongezwa kitu, na sikukosa nguvu, ni vile tairi zilikuwa ngumu kama ndala za zamani.

Kabla ununue kitu chochote angalia muda wako wa futi 60 za kwanza, hizo ni kama mita 18 hivi. Mbio ya dragi ni mita 402 za mstari mnyoofu kutoka kusimama, lakini pale mwanzo ndio pesa iko, maana ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde hapo, mara nyingi kule mwisho unakuta umeokoa karibu sehemu mbili za kumi, kwa sababu ile spidi umepata mapema unaenda nayo njia yote. Watu wengi wakipewa karatasi ya muda wanaangalia spidi ya mwisho wanaanza kujisifu, hiyo achana nayo kwanza.

Sasa tairi. Ubavuni mwa tairi nyingi kuna neno TREADWEAR na namba. Tairi ya kawaida ya kwenda kazini inasoma 300 mpaka 500, hiyo inakaa sana lakini mpira wake ni mgumu. Semi-sliki, yaani tairi za mbio ambazo bado zinapita barabarani, zinaanzia 200 kushuka chini, kwa mfano Nankang NS-2R iko ya 180 na ya 120. Namba ikishuka kwa kawaida mpira ni laini na unashika lami, ila inaisha haraka. Usilinganishe kampuni mbili kwa hiyo namba tu, kila kampuni inajipimia yake. Kama gari ndio hiyo hiyo inapeleka watoto shule, 200 inatosha kabisa. Radiali za dragi zenyewe, zile tairi laini za mbio hizi, ni tamu lakini kwa mvua ya Kericho ya saa nane mchana utajuta.

Halafu soma tarehe. Kuna tarakimu nne mwisho wa ile namba ndefu inayoanza na DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hivyo 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mimi niliuziwa tairi za ex-Japan zina kashata nzuri, zinang'aa, bei ya kuongea, nikafurahi sana, kumbe zilikuwa na zaidi ya miaka nane na mpira ushakauka. Kashata haikuambii kitu kuhusu mshiko. Bonyeza mpira na kucha, ukihisi kama plastiki, rudisha.

Rimu kubwa pia inatudanganya. Mark X inaweza kuja na 215/60R16 ama 235/45R18, na ukipiga hesabu gurudumu zima linatoka karibu urefu mmoja, ila ubavu wa ile ya 16 una milimita 129 na wa 18 una 106 hivi. Huo ubavu mrefu ndio unajikunja wakati unaachilia klachi ama breki, unameza ule mshtuko, tairi haivunji mshiko ghafla. Kwa hivyo za 18 piga nazo picha pale ufukweni Dunga, Kisumu, siku ya mbio vaa 16, bora tu ziruke kaliparu za breki.

Presha ni upgredi ya bure. Kama unaweka psi 32 kwenye magurudumu yanayosukuma, shusha mbili mbili mpaka 26 ama 24 ukiangalia muda, ukiona gari inayumba rudi juu. Tairi ya kawaida mimi sishuki zaidi ya hapo. Na pima ukifika kwenye mbio, tuseme Kisumu, sio nyumbani, kwa sababu Nakuru iko juu karibu mita 1,850 na Kisumu kama 1,130, hewa ya nje inabadilika na joto la Kisumu unalijua, kwa hivyo geji itasoma tofauti hata kama hujagusa kitu. Isitoshe injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 mpaka 20 ya nguvu huku kwetu, ukishuka Kisumu unarudishiwa sehemu yake, na tairi iliyokuwa inashika vizuri Nakuru inaweza kuanza kuzunguka bure.

Springi na shoki zinategemea gari inasukumwa wapi. Ukichomoka uzito unarudi nyuma. Mark X na wenzake zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma inawafaa, kwa hivyo shoki za mbele ziache pua iinuke kwa urahisi na nyuma iwe ngumu kiasi isikae chini kabisa. Ndio maana nikiona mtu amepeleka springi kwa fundi zikatwe na grinda ndio gari "ikae chini" nasikitika, ukiishusha uzito unaohamia nyuma unapungua, na shoki zinagonga mwisho mapema gari ianze kudundadunda. Golf, Vitz, Demio zinavutwa na magurudumu ya mbele, ni kinyume, pale unataka pua isiinuke, kaza springi za nyuma na tairi za nyuma ziongeze presha, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Lakini kabla ya koilova yoyote (zile springi na shoki za kurekebisha urefu) badilisha bushi, zile raba za kwenye suspensheni, na mauntingi zinazoshika injini kama zimechoka. Kule kudunda kwa gurudumu ukichomoka mara nyingi kunatoka hapo, na ndiko kunavunja shafti. Na kama dif yako, zile gia zinazogawia magurudumu nguvu, ni ya kawaida isiyo LSD (ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake), gurudumu moja litazunguka peke yake hata uweke springi za dhahabu.

Wa Subaru mna lenu. Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimeisha sawa, ukichanganya mpya na kuukuu ile dif ya katikati inateseka kila saa. Na gia boksi ya spidi tano si ya kuachiliwa klachi kwa kishindo ukiwa na semi-sliki, gari inayosukumwa na magurudumu yote manne haina pa kupoteza ile nguvu kwa hivyo meno ya gia ndio yanalipa. Achilia polepole kidogo hata kama wenye Mitsubishi Evo wanakucheka.

Hii yote ni ya mahali palipofungwa na kuna ambulensi, sio barabara ya Gilgil usiku. Na ukimaliza mbio Kisumu kabla upande Mau Summit kurudi, jaza upepo mpaka 32 tena na ukaze nati za rimu, mimi niliwahi kusahau na nikaendesha mpaka Kericho nikidhani ni usukani una shida.