Kupikia plake ya induksheni Goma: anza na waya, kisha sufuria

Plake ya induksheni ni jiko la umeme lenye uso wa kioo. Simu ninayopokea mara nyingi ni hii: «Fundi, plake mpya haiwaki.» Nikifika nakuta sufuria ya alumini juu ya kioo, ileile iliyokuwa ikipikia kwenye mbabula, yaani jiko la makaa (makala), na plake inalia pi-pi-pi. Mashine ni nzima. Ndani kuna koili ya shaba inayotoa uga wa sumaku, na uga huo hupasha moto kitako cha sufuria yenyewe. Alumini hauishiki, basi hakuna joto.

Hatua ya 1: Kagua umeme kabla ya kununua

Plake moja ya wati 2000 kwenye volti 220 huvuta karibu ampea 9. Inataka prize (soketi ya ukutani) ya ampea 16, waya wa milimita za mraba 2.5, na disjonkta yake peke yake, ile swichi inayokata umeme ukizidi. Ile ralonji (waya wa kurefushia) nyembamba inayobeba televisheni, friji na chaja za jirani haifai kabisa. Ukishainunua, ipikie kwa dakika kumi, kisha gusa mwili wa plagi: vuguvugu si tatizo, ila ikichoma vidole au ukisikia harufu ya plastiki, zima na uite fundi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo kijitabu cha plake hakitakuambia. Tumejenga juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Fundi akipigilia nondo ya waya wa ardhi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, mara nyingi hugonga jiwe kabla haijazama, anaikata na kufukia kilichobaki. Jiwe kavu halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo waya wa ardhi unaonekana ukutani lakini kazi haufanyi. Dai upimwe kwa kifaa, usikubali kuonyeshwa kwa kidole. Kisha weka disjonkta ya diferansieli ya miliampea 30, ile yenye kibonye kidogo chenye herufi T. Umeme ukivuja, itakata yenyewe. Bonyeza kibonye hicho kila mwezi, isiporuka, ibadilishe.

Hatua ya 2: Nenda sokoni na sumaku

Ya spika iliyokufa inatosha. Ibandike katikati ya kitako cha sufuria. Iking'ang'ania, nunua, ikishika kwa unyonge au ukingoni tu, iache. Chuma kizito cha kusubu hufanya kazi vizuri, na zile sufuria za enameli zenye maua pia, mradi kitako hakijabonyea. Chuma cha pua kina tabia mbili: kingine kinashika sumaku, kingine hakishiki, hata kama vyote vinang'aa sawa. Chungu cha udongo kibaki kwenye makala.

Weka kitako juu ya meza uone kama sufuria inayumba. Inayoyumba hupata joto upande mmoja. Kipenyo kisipungue sentimita 12, la sivyo plake nyingi hazitaitambua. Wauzaji watakupa pia sahani ya chuma ya kuweka chini ya alumini. Mimi siipendekezi: inapata moto mkali, inarudisha joto kwenye kioo na kupoteza umeme.

Hatua ya 3: Mahali pa kuiweka

Meza ya mbao iliyo sawa, bila kitambaa cha nailoni, kwa sababu feni huvuta hewa kutoka chini. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni. Usiiweke kando ya mbabula. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo amuulize kwanza daktari wake.

Hatua ya 4: Kupika

Pangusa kitako cha sufuria kila mara. Vumbi jeusi la lava ni mchanga mkali, na sufuria ikiburutwa juu yake, kioo kinakwaruzika.

Mafuta yataka jicho. Anza na moto wa kati, wala usiondoke: sufuria nyembamba huwaka haraka kuliko kwenye makala. Yakishika moto, zima na funika na kifuniko; maji usimwage kamwe.

Bugali ndiyo huvunja plake nyingi. Ule usongaji wa nguvu, mwiko ukisukuma huku na huku, kioo hakiuwezi. Maji yakichemka na unga ukiingia, shusha sufuria juu ya ubao imara, songa hapo hadi ishikane, kisha irudishe kwa moto mdogo. Plake italia ukiinua sufuria, iache ilie.

Kwa maharagi usisubiri nyuzi 100. Kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Yakishachemka, punguza wati na funika. Kuacha 2000 kunaongeza mvuke na bili tu. Yaloweke usiku.

Hatua ya 5: Kumaliza

Zima kwa kibonye, acha feni izunguke hadi isimame, ndipo uchomoe. Kioo chenyewe hakikuwaka, lakini kimepokea joto la sufuria, hivyo watoto wasikiguse. Umeme ukikatika katikati ya kupika, chomoa plagi, na ukirudi ngoja dakika chache utulie. Kioo kikipata ufa hata mwembamba kama unywele, chomoa na usipike tena: mchuzi ukimwagika utapenya hadi kwenye koili. Gundi haitibu ufa huo, hata fundi akikuapia.