Namna ya Kuandika Tahakiki ya Kumsifu Mwigizaji Chipukizi wa Jukwaani

Ukitaka sifa zako zimfae mwigizaji chipukizi na ziaminiwe na msomaji, anza na tendo moja ulilomwona akilitenda jukwaani, ndipo ueleze lilikugusa vipi. Maneno kama “ana kipaji” hayamwambii lolote mtu ambaye hakuwepo ukumbini, kwa kuwa mwigizaji yeyote aweza kupewa.

Mfano bora ninaoujua ni wa Bernard Shaw, aliyekuwa mhakiki wa tamthilia jijini London, alipomtazama mwigizaji Mwitaliano Eleonora Duse mwaka 1895 akiigiza nafasi ya Magda, mwanamke anayekutana tena na mwanamume aliyezaa naye zamani. Duse hakuwa chipukizi tena wakati huo, lakini njia ya Shaw inafaa kwa umri wowote. Alieleza jinsi Duse alivyomaliza kusalimiana na mgeni, akaketi, akamtazama aone amebadilika kiasi gani, kisha wekundu wa haya ukaanza kumpanda usoni, ukazidi kukolea hadi akajaribu kuuficha uso kwa mikono. Msomaji anayaona hayo yote, na sifa inajithibitisha yenyewe.

Kwa hiyo, nenda na kijidaftari, na ikiwezekana tazama onyesho mara mbili. Mchunguze zaidi wakati wenzake wanaposema, maana hapo ndipo utakapojua kama anasikiliza kwa dhati au anangoja tu zamu yake. Tenga pia kilicho chake na kilicho cha mwandishi au cha mwongozaji: mstari mzuri haukutungwa naye, ila kituo alichokiweka katikati ya mstari huo huenda ni chake.

Umri utaje mara moja tu. Mwigizaji Mwingereza Fanny Kemble alipoigiza Juliet wa tamthilia ya Shakespeare katika jumba la maonyesho la Covent Garden, London, Oktoba 1829, alikuwa na miaka 19, na jumba hilo la baba yake lilikuwa limeelemewa na madeni. Kisa hicho kinasisimua, lakini hakisemi aliyatamka vipi maneno ya Juliet. Urembo nao uuache kabisa, kwani kumsifia sura msichana aliyefanya mazoezi kwa miezi ni kumdhulumu.

Kama sauti yake ilififia mwishoni mwa sentensi, sema hivyo, na utaje ilikuwa katika sehemu ipi ya mchezo, ili ajue pa kurekebisha. Kabla ya kuchapisha, hakiki tahajia ya jina lake katika kijitabu cha onyesho.