SOMO: Kuhamia chuo kikubwa Marekani ukiwa unasoma chuo hapa nyumbani. Maswali yote yaje hapa

Wakuu habari zenu. Tangu nifike Kigoma likizo sijapumzika, kila siku simu na meseji za jambo lile lile, juzi nipo Kibirizi namsaidia mama kugeuza dagaa dogo mmoja kanifuata mpaka kwenye kichanja, "kaka ulihamaje chuo?" Naandika mara moja hapa, ukinipigia tena nakutumia hii.

Mimi nilikosa mara ya kwanza, nikapata ya pili. Na kuhama ni kugumu kuliko kuingia mwaka wa kwanza, nafasi ni zile wanazobakiza tu. Chuo cha Yale wenyewe wanasema wanachukua 20 mpaka 30 kwenye maombi zaidi ya 1,000. Princeton walikaa tangu 1990 hawapokei wanaohama, walipofungua tena 2018 wakachukua 13 kwenye maombi zaidi ya 1,400. Ukiona bado unataka, endelea.

1. Hesabu miaka. Harvard wanataka uwe umemaliza mwaka mmoja kamili wa chuo na isizidi miwili. Ukiwa mwaka wa tatu kwao umechelewa.

2. Fungua akaunti Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani, upande wa wanaohama (transfer), siyo wa wanaoanza. MIT wana mfumo wao wenyewe.

3. Mtihani wa Kiingereza, kila chuo kina orodha yake ya inayokubalika, isome.

4. Matokeo na fomu ya College Report. Hapa ndipo nilipoangukia kwahiyo soma taratibu. Hii fomu hujazi wewe, inajazwa na ofisi ya chuo ulichopo, wanathibitisha wewe ni mwanafunzi wao, matokeo yako na kama una kesi ya nidhamu. Mimi nilimaliza UE (mitihani ya mwisho) za semista ya kwanza Februari nikapanda treni nikarudi Kigoma, fomu nikamuachia rafiki yangu aipeleke. Ofisi wakamwambia hawajawahi kuiona fomu ya namna hiyo, andika barua, barua ikaenda kwenye kitivo ikarudi, wakasema mwenye fomu aje mwenyewe. Mimi niko kilomita zaidi ya elfu moja. Ilipopatikana muhuri umegongwa juu kabisa ya safu ya alama, wino wa zambarau, kwenye skani ile B+ yangu ya takwimu ikawa doa tu huwezi kujua ni nini. Nikaituma hivyo hivyo mwenyewe kwa imeili yangu, wakajibu wanataka itoke chuoni. Na Machi 1, siku ya mwisho ya kutuma, ilishapita.

Kwahiyo: peleka fomu Desemba, mwenyewe, pamoja na barua fupi inayoeleza ni fomu ya nini na inatakiwa lini. Omba matokeo yatumwe kutoka imeili ya chuo. Simama pale wakati wanagonga muhuri, uombe kwa heshima wagonge chini pembeni. Usiondoke mjini mpaka imetumwa.

Na kubwa zaidi, ukiomba ukiwa mwaka wa kwanza, Machi 1 inafika matokeo yako ya semista ya kwanza hata seneti haijayapitisha, unabaki na cheti cha kidato cha sita peke yake, wakati wao wanataka kuona unavyosoma chuo. Subiri mwaka wa pili. Nilipoteza mwaka mzima kujifunza hilo. Kuna na fomu ya maendeleo ya semista unayosoma sasa, ile wanajaza walekchara, kwetu unawaomba wajaze alama za kozi weki (kazi na majaribio ya katikati ya semista).

5. Barua mbili za walekchara waliokufundisha darasani chuo ulichopo. Siyo mchungaji, siyo mbunge. Darasa la watu 400 hakujui mtu, anza kumfuata baada ya semina tangu Novemba, na mpelekee kazi yako ya kozi yake aone tena ulichoandika.

6. Insha ya kwanini unahama. Usiponde chuo chako. Mimi nilieleza nataka kusoma ikolojia ya maziwa, na kozi nilizokuwa nazitafuta kwetu hazikuwepo.

7. Hela. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii mfuko wako wakati wa kuchagua, hata ukitoka nje ya Marekani. Stanford ukitoka nje na unaomba msaada wanaangalia. Vingi vinataka fomu ya CSS Profile, kipato cha wazazi cha mwaka mzima. Mama hana hati ya mshahara, tulikaa na daftari lake usiku mmoja tukahesabu mwezi kwa mwezi, kwa sababu mbalamwezi ikitoka wavuvi hawaingii ziwani, na 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa wasivue kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu hajaanika hata sadolini moja. Yote nikayaandika kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, na mtendaji akatupa barua. Usizidishe, usipunguze.

8. Tuma. Kwenye Common App mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za hapa ulipo, siyo za Marekani. Harvard, Yale na Princeton Machi 1, Stanford na MIT Machi 15. Tarehe zihakiki kwenye kurasa zao.

MASWALI

Kijana_wa_Mwanga: Mkuu nitumie link nijaze leo, niko mwaka wa kwanza.
– Soma namba 4.

Kijana_wa_Mwanga: Nimesoma ila ni ndefu, wewe niambie tu inawezekana au haiwezekani.
– Hiyo ndefu ni mwaka wangu mmoja uliopotea. Isome.

Binti_Isevya: Shikamoo kaka. Niko Tabora kwa likizo. Cheti cha kidato cha nne nina majina mawili, chuoni na pasipoti matatu. Watanikataa?
– Marahaba mdogo wangu, swali zuri na nimesahau kuliweka. Jaza jina la pasipoti kama lilivyo, halafu kuna sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, weka lile la cheti. Nenda kwa wakili akuapishie hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, skani uambatanishe. Na mwambie lekchara atumie jina hilo hilo kwenye barua, wangu mmoja aliandika jina la utani la darasani.

Mzee_wa_Kasulu: Kuna jamaa anachukua laki tano anakufanyia kila kitu. Si bora?
– Hapana. Insha anayokuandikia yeye kawaandikia na wengine. Ada ya kuomba ukishindwa kuna sehemu ya kuomba msamaha, bure. Ushauri wa EducationUSA (ofisi ya Marekani ya kushauri wanaotaka kusoma huko) pale ubalozi wa Marekani Dar ni bure pia.

Mzee_wa_Kasulu: Mbona unakasirika, nimeuliza tu.
– Sijakasirika mzee wangu, nimeona watu wawili wamelipa na hakuna kilichotumwa.

Boom_la_Kwanza: Mkopo wa bodi inakuwaje ukihama?
– Deni linabaki lako, waandikie uwape taarifa, usipotee. Na usiandike barua ya kuacha chuo mpaka uwe na barua ya kupokelewa NA ya msaada mkononi. Viza nayo kanuni zake zinabadilika sana, angalia ukurasa wa ubalozi kabla hujalipa chochote.

Fundi_Steshenari: Kwenye skani, mimi nafanya kazi hiyo. Usipige picha na flashi usiku, wino wa muhuri unang'aa. Weka karatasi dirishani asubuhi, tumia programu ya skani ya simu, chagua rangi, siyo nyeusi na nyeupe, muhuri hautafunika herufi.
– Ningekujua wewe mwaka ule. Asante sana.

Binti_Isevya: Kaka na mimi mama anauza asali, hana daftari kabisa. Naanzaje?
– Anza na msimu. Muulize msimu uliopita alipata ndoo ngapi, kila ndoo aliuza shilingi ngapi, vifungashio na usafiri alilipa ngapi. Andika mbele yake, msomee, akubali kila namba. Ukimaliza nitumie tuipitie wote kabla hujaenda kwa mtendaji, nipo Kigoma mpaka mwisho wa mwezi.