Anuradhapura: panga siku zako kwa kufuata nyayo, sio ramani

Wengi wakifika Sri Lanka wanapanda mwamba wa Sigiriya, wanapiga picha zao, halafu Anuradhapura wanaipitia masaa matatu tu wakiwa njiani, wakirudi wanasema eti ni matofali tu. Sasa kwa masaa matatu utaona nini zaidi ya matofali? Huu ulikuwa mji mkuu zaidi ya miaka 1,000, toka karne ya 4 KK hadi majeshi ya Chola kutoka kusini mwa India yalipouvunja mwishoni mwa karne ya 10, makao ya utawala yakahamia Polonnaruwa na huku msitu ukameza kila kitu. Eneo limetapakaa kilomita na kilomita. Lipe siku mbili, moja ya mji wenyewe na nyingine ya Mihintale, kilima kitakatifu cha jirani.

Anza na kalenda. Upande huo wa kisiwa ni mkavu, Mei mpaka Septemba mvua ni chache sana, Oktoba mpaka Januari ndo inanyesha. Ila angalia na mwezi, simaanishi Januari au Juni, nasema mwezi wa juu angani. Kila mwezi mpevu ni sikukuu, wanaiita Poya, siku hiyo pombe haiuzwi nchi nzima na mahujaji wanakuwa wengi. Poya ya Juni inaitwa Poson, wanakumbuka Ubuddha ulivyoingia kisiwani, na kwa kuwa yote hayo yalitokea hapa hapa basi nusu ya nchi inahamia Anuradhapura, watu wanalala chini ya miti. Ukipenda umati ni raha tupu, usipopenda sogeza tarehe mapema maana vyumba vinaisha.

Kufika ni rahisi. Kutoka Colombo ni kama kilomita 200, treni za reli ya kaskazini zinaanzia stesheni ya Fort, au panda basi. Viza yao unaomba mtandaoni kabla hujasafiri. Ukishafika mjini kodi baiskeli, nyumba nyingi za wageni wanazo, njia ni tambarare na zina kivuli. Kama hupendi jasho chukua bajaji, wenyewe wanasema tuktuk, ila muelewane bei ya siku nzima kwa rupia kabla hujakaa kwenye kiti.

Tiketi ya mgeni ni zaidi ya dola 20 kwa siku na unaipata kwenye ofisi ya makumbusho ya Jetavana. Itunze, wataidai tena huko mbele. Ndo maana nasema ingia alfajiri, hiyo hela ni ya siku, ukiingia saa nane mchana umeilipia asubuhi ambayo hukuitumia.

Sasa nyayo. Hapa ndo safari inaharibika au inanoga. Kila sehemu takatifu unavua viatu na kofia, na sehemu takatifu sio chumba kimoja chenye kapeti, ni uwanja mzima wa mawe na mchanga uliokaa juani toka asubuhi. Mimi mara ya kwanza nilijifanya ngangari, nikazunguka stupa, yaani kuba kubwa la Kibuddha lenye masalia matakatifu, saa saba mchana, yaani nilimaliza nikiruka kama mtu kakanyaga makaa, bibi mmoja mwenye maua mkononi akanicheka mpaka akakaa chini. Beba soksi nene pea mbili, hakuna anayekukataza. Halafu mabega na magoti yafunikwe, nguo nyeupe ndo heshima zaidi na pia haivuti joto. Usipige picha umeipa mgongo sanamu ya Buddha, hilo wanalichukulia serious kabisa, na kama una tatuu ya Buddha ifunike, 2014 mtalii alirudishwa kwao kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mpangilio ni huu. Saa 12 asubuhi anzia Jaya Sri Maha Bodhi, mti uliokuja kama tawi la ule ambao Buddha alipata mwanga chini yake, ukaletwa karne ya 3 KK na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India. Langoni watakupekua, usikasirike, 1985 watu wengi waliuawa hapa kwa risasi. Ukishaingia usitafute mti mkubwa. Miti mikubwa ni ya kuzunguka tu, wenyewe ni ule mwembamba kwenye jukwaa la juu, matawi yake yameegemea nguzo za rangi ya dhahabu, wengi wanapita bila kuuona. Toka hapo tembea mpaka Ruwanwelisaya, stupa nyeupe ya mfalme Dutugemunu ya karne ya 2 KK, ukuta wake umejaa vichwa vya tembo. Zunguka kwa mkono wa kulia kuelekea stupa kama wanavyofanya wenyewe.

Saa nne jua likishaanza kuuma nenda Abhayagiri, magofu ya monasteri ya zamani kwenye miti, huko unavaa viatu muda mwingi. Kuna mabwawa pacha ya Kuttam Pokuna, kuna jiwe la nusu duara lililochongwa tembo, farasi, simba na ng'ombe wakifuatana, na sanamu ya Samadhi, Buddha akiwa katika tafakuri. Mtawa Faxian kutoka China aliishi hapa karne ya 5. Chakula usile hadharani, tumbili watakupora na hawana aibu.

Mchana pumzika. Siyo ushauri, ni lazima. Kunywa nazi ya rangi ya chungwa, wanaiita thambili, lala kidogo.

Saa kumi toka tena uende Jetavanaramaya, stupa nyingine. Ilijengwa enzi za mfalme Mahasena, ilikuwa na urefu wa mita kama 122, wakati huo piramidi mbili za Giza tu ndo zilikuwa juu yake. Leo imebaki kama mita 71 na ni tofali juu ya tofali, kama milioni 93 wanakadiria. Simama chini uangalie juu, ndo utaelewa. Ukibaki na nguvu pita hekalu la Isurumuniya kuona ule mchongo wa wapenzi, la sivyo rudi Ruwanwelisaya jua likizama, mawe yameshapoa, familia zinawasha taa za mafuta na soksi unaweza kuzitia mfukoni.

Siku ya pili Mihintale, kilomita kama 12 mashariki. Ngazi 1,840, ila gari linakata nyingi ukiingilia juu. Mimi napanda zote, taratibu, kabla ya saa moja asubuhi.